Fahali Wawili Ndani ya Laptopu Moja

Ukiingia katika steshenari za Tukuyu, kuanzia zile za jirani na stendi hadi za Kiwira na Katumba, tazama kona ya chini ya skrini, upande wa kulia. Mara nyingi utaona ngao ndogo ya Windows yenye pembetatu ya njano au alama nyekundu ya X, na pembeni yake alama ya programu nyingine ya kuzuia virusi, yaani antivairasi, inayosema kila kitu kiko salama. Dada anayeskani vyeti vya vijana wanaoomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB hana nafasi ya kujiuliza nani kati ya hao wawili anasema kweli. Foleni ni ndefu. Anaufunga ujumbe, kazi inaendelea, na kesho asubuhi ujumbe uleule unarudi.

Namwandikia huyo dada. Namwandikia pia mwalimu anayetunga mitihani kwenye laptopu yake, katibu wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) mwenye orodha ya wakulima na malipo yao, na kila mtu aliyenunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa mtu akaikuta na antivairasi ambayo hakuiweka yeye. Kwa wengi wetu wilayani hapa Rungwe tatizo si upungufu wa antivairasi. Ama ziko mbili zinazogombana, ama ipo moja iliyokwisha muda wake na haitaki kumpisha mwenzake. Kompyuta moja inahitaji antivairasi moja iliyo hai, na mwenye kompyuta anapaswa kujua ni ipi.

Tuanze na sababu ya ugomvi, maana ukiielewa hutahitaji kukariri mambo mengi.

Antivairasi haikai pembeni ikingoja kuitwa. Inajipachika ndani kabisa ya mfumo, katika njia ambayo kila faili lazima ipitie. Ukifungua barua uliyoandika kwa Word, mfumo unasimama kidogo sana, unaikabidhi faili hiyo kwa antivairasi ikaguliwe, kisha ndipo Word inaruhusiwa kuifungua. Sasa weka mbili. Ya kwanza inaishika faili ili iikague, ya pili inaona faili imeguswa nayo inaishika, ya kwanza inaona imeguswa tena. Mbaya zaidi, mwenendo wa antivairasi unafanana sana na wa kirusi: inasoma kila faili, inajiingiza ndani ya programu nyingine, inakataa kuzimwa. Antivairasi ya pili ikiyaona hayo ina kila sababu ya kushuku. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, na Rungwe ni wilaya ya wafugaji.

Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, ambayo ndiyo aina iliyojaa huku kwetu, ugomvi huo unaonekana kwa macho. Feni inalia muda wote, Excel inachukua dakika kadhaa kufunguka, faili inagoma kufutika kwa madai kwamba inatumiwa na programu nyingine. Mwenye laptopu anadhani ameshambuliwa na virusi, anamwomba rafiki antivairasi nyingine, na sasa ziko tatu.

Hata antivairasi moja inaweza kugombana na Windows yenyewe, na si vijijini tu. Januari 2018, baada ya kufichuliwa udhaifu wa Meltdown na Spectre uliokuwa ndani ya prosesa zenyewe, Microsoft ilitoa sasisho la dharura la Windows. Ikaonekana kwamba baadhi ya antivairasi zilikuwa zinagusa kumbukumbu ya mfumo kwa njia isiyoruhusiwa, kiasi kwamba zikikutana na sasisho hilo kompyuta inaishia kwenye skrini ya bluu. Microsoft ikaamua kwamba kompyuta ambayo antivairasi yake haijaweka alama ya kuthibitisha kuwa imerekebishwa isipewe sasisho hilo. Kwa hiyo kulikuwa na watu duniani kote waliobaki na mlango wazi kwa sababu tu walikuwa na antivairasi. Miaka 8 kabla ya hapo, tarehe 21 Aprili 2010, McAfee ilituma sasisho lililoitambua svchost.exe, faili halali na muhimu ya Windows XP, kuwa ni kirusi. Kompyuta nyingi za mashirika makubwa zilikwama kwa kujizima na kujiwasha mfululizo. Programu yenye uwezo wa kufika kila kona ya mfumo ina uwezo wa kuuangusha pia, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akiiongeza bila sababu.

Wengi bado wanaamini kwamba Windows inakuja bila ulinzi wowote. Zamani ilikuwa kweli. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, antivairasi kamili ya Microsoft inayoitwa Defender imo ndani yake, bila malipo, na imeendelea hivyo katika Windows 10 na 11. Ukiweka antivairasi nyingine kama Kaspersky, ESET, Avast au Bitdefender, inajiandikisha kwenye mfumo, na Defender inajiweka kando yenyewe. Ukiiondoa ile nyingine, Defender inatakiwa kurudi kazini. Kwa hiyo kuwa na antivairasi ya kununua juu ya Windows si kosa. Kosa linatokea makabidhiano yanapoharibika katikati: mmoja ameondoka na mwingine hajashika, au wote wanadhani zamu ni yao.

Kujua nani yuko zamu hakuhitaji fundi. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika Windows Security, fungua, kisha ingia sehemu ya kwanza yenye ngao, inayohusu virusi. Kama juu pameandikwa jina la antivairasi nyingine, hiyo ndiyo inayofanya kazi. Ukikuta hakuna jina jingine na alama ni ya kijani, Defender iko zamu na huna deni. Ukikuta jina jingine, lifungue ulione kwa macho yako: muda wake wa leseni umebaki kiasi gani, na mara ya mwisho imejisasisha lini. Antivairasi ambayo haijajisasisha kwa miezi inavijua virusi vya zamani tu.

Hapo ndipo utakapokutana na kisa kinachojirudia kuliko vyote. Laptopu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa na antivairasi ya majaribio ya siku 30 au zaidi kidogo, mara nyingi McAfee au Norton. Muda ukiisha, programu haiondoki. Inabaki imekaa, inakudai ulipe kwa dola, kila ukiwasha inakutisha kwamba uko hatarini, na Windows nayo inapiga kelele upande wake. Defender inapaswa kujiwasha yenyewe katika hali hiyo, na mara nyingi inafanya hivyo, lakini si kila mara, hasa kama ile ya majaribio bado inadai kuwa ipo kazini. Ushauri wangu kwa mtu wa matumizi ya kawaida ni kuing'oa. Usilipe kwa sababu umetishwa. Fedha hiyo inunulie bando la kusasishia Windows, au diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi zako. Vitu hivyo vitakufaa zaidi.

Kuing'oa kuna adabu yake. Kufuta folda si kuondoa programu. Pitia kwenye mipangilio, sehemu ya programu zilizowekwa, uiondoe kwa njia yake, kisha uzime na kuwasha. Ikibaki mizizi, na mara nyingi inabaki, kampuni zenyewe zinatoa kifaa maalumu cha kuisafisha bila malipo: McAfee ina MCPR, Avast ina Avast Clear, Kaspersky ina kavremover, na ESET na Norton zina vyao. Pakua kutoka tovuti ya kampuni husika na si kwingine. Baada ya hapo rudi Windows Security uhakikishe Defender imeshika zamu. Usiondoke hapo kabla ya kuiona ile alama ya kijani.

Kuna wakati antivairasi ni nzima, leseni ipo, na bado Windows inasema hakuna ulinzi. Kama ni dakika chache tu tangu uwashe, subiri. Kwenye mashine nzito huduma za antivairasi zinachelewa kuamka na Windows inatoa taarifa mapema mno. Kama ujumbe haukomi, kabla hujamwita mtu tazama saa na tarehe ya kompyuta. Ndiyo, saa. Kompyuta za mezani za mitumba zina betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, aina ya CR2032, na ikifa, kila umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka mingi nyuma. Kwa tarehe hiyo ya zamani leseni haieleweki, vyeti vya usalama vya tovuti vinakataliwa, masasisho yanashindwa kushuka, na maonyo yanamiminika kutoka kila upande. Nimeona watu wakipigiwa Windows upya kwa tatizo ambalo dawa yake ni betri inayouzwa hata kwenye maduka ya saa.

Sasa niseme jambo linaloniumiza zaidi, na nalisema kwa heshima kwa mafundi wetu, kwa sababu wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa malipo kidogo. Mteja anataka Windows na Office lakini hana fedha ya leseni, au hajui kwamba leseni ni kitu cha kulipia. Fundi ana fleshi yenye programu ya kukraki, yaani ya kuvunja kufuli la leseni. Defender inaikamata na kuiita chombo cha udukuzi. Maelekezo yanayokuja na kraki yanasema zima antivairasi kwanza, na fundi anazima. Kazi inaisha, mteja anafurahi, laptopu inapanda daladala kwenda Masoko au Lwangwa ikiwa na antivairasi iliyozimwa, au iliyoamriwa isikague diski nzima ya C. Onyo likitokea baadaye, mteja ameshaambiwa alipuuze.

Watengeneza virusi wanalijua pengo hilo vizuri. Hakuna njia rahisi ya kuingiza kirusi kuliko kumpa mtu kitu anachokitaka na kumwomba azime ulinzi kwa mikono yake mwenyewe. Siwezi kukwambia kila kraki ina kirusi. Ninachoweza kusema ni kwamba ukishazima antivairasi huna tena namna ya kujua ipi inacho na ipi hainacho. Kama shida ni Office, LibreOffice ni ya bure kabisa kwa haki, inafungua faili za Word na Excel, na kwa barua, bajeti ya kikundi na matokeo ya darasa inatosha.

Kwa hiyo ukichukua kompyuta kwa fundi, kabla hujalipa, fungua Windows Security mbele yake. Hakikisha ulinzi wa muda wote umewashwa. Kisha shuka kwenye mipangilio ya sehemu hiyo hiyo ya virusi mpaka karibu na mwisho, utakuta orodha ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague, jina lake kwenye skrini ni Exclusions. Kwa mtu wa kawaida orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta diski nzima imeandikwa humo, au folda yako ya vitu ulivyopakua, iondoe. Orodha hiyo inafaa kutazamwa hata kama hujaenda kwa fundi, kwa sababu baadhi ya virusi vikishaingia vinajiandikisha humo vyenyewe. Na ukikuta vitufe vimefifia, na maandishi yanasema mipangilio inasimamiwa na msimamizi wakati kompyuta ni yako na huna ofisi, jua kuna mkono ulipita. Muulize fundi ni wa nani.

Fleshi nayo ina kesi yake, na kesi hiyo iko steshenari. Kwa siku moja fleshi nyingi zinachomekwa kwenye kompyuta moja, kila moja ikitoka shule, kanisa au ofisi tofauti. Kirusi kinachojulikana zaidi hapa ni kile kinachoficha faili zako na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye fleshi anadhani kazi yake imefutika, kumbe imefichwa, na akibofya ile njia ya mkato anakiamsha kirusi kwenye kompyuta nyingine. Kwa sababu hiyo wenye steshenari wengi wanaweka Smadav, programu ya Kiindonesia iliyotengenezwa kwa kulenga virusi vya fleshi, na wanaiweka juu ya antivairasi nyingine. Watengenezaji wake wameikusudia isaidiane na antivairasi kuu, kwa hiyo si ajabu kuikuta pamoja na Defender. Lakini si mbadala wake. Nikikuta kompyuta ya biashara ina Smadav na Defender imezimwa, nasema kompyuta hiyo iko wazi. Defender iliyosasishwa inavitambua vingi vya virusi hivyo, na Windows za siku hizi haziendeshi tena programu zenyewe pale fleshi inapochomekwa kama zilivyokuwa zikifanya enzi za XP.

Mteja akija na fleshi yenye njia za mkato, usiifomati kwa haraka. Faili zake zimo. Ikague kwanza, kisha fungua dirisha la amri, na kama fleshi inaonekana kwa herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu bonyeza Enter. Faili zitajitokeza. Ndipo ufute zile njia za mkato. Umemwokolea mtu kazi yake ya wiki nzima, na atarudi dukani kwako.

Wenye steshenari niwakumbushe jambo moja zaidi. Kompyuta yako inabeba vyeti vya kuzaliwa, namba za kitambulisho cha NIDA, matokeo ya mitihani ya NECTA na picha za watu, mara nyingi zikiwa zimesahaulika pale pale kwenye eneo-kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Futa kazi za wateja jioni. Na onyo la usalama kwenye kompyuta hiyo usilifunge bila kulisoma, kwa sababu linahusu watu wengi kuliko wewe.

Si kila onyo linatoka kwenye antivairasi au kwenye Windows. Yako maonyo ya uongo kabisa, na yanavaa nembo za kweli. Mtu ametembelea tovuti ya kupakua filamu au ya kutazama mpira, tovuti imeomba ruhusa ya kumtumia arifa, naye akabofya kukubali ili dirisha liondoke. Tangu hapo kila saa kona ya skrini inamwambia leseni ya McAfee imekwisha na virusi kadhaa vimepatikana, hata kama hajawahi kuwa na McAfee. Utalitambua kwa kulitazama vizuri: ndani ya arifa yenyewe kuna jina la Chrome au Edge na anwani ya tovuti usiyoijua. Onyo la Windows halina anwani ya tovuti. Usibofye ndani yake. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya arifa, uondoe kila tovuti usiyoitambua. Likijaza skrini nzima na kukupa namba ya simu upige, usipige, maana Microsoft haiweki namba za simu kwenye maonyo yake.

Kwa walio mbali na mjini, kikwazo ni bando. Laptopu inapata intaneti kwa hotspoti ya simu, na mwenyewe ameiambia Windows kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo ili isile bando. Amefanya vizuri, lakini kwa mpango huo masasisho mengi yanaahirishwa, na onyo linalokuja ni la kweli. Kila wiki, ukiwa na bando, fungua Windows Security na uagize sasisho la utambuzi wa virusi peke yake. Ni dogo kuliko masasisho makubwa ya Windows. Kama kompyuta ya shule haina intaneti kabisa, tovuti ya Microsoft inatoa faili la sasisho la Defender liitwalo mpam-fe.exe, zaidi ya MB 100, ambalo mwalimu anaweza kulipakua akiwa Tukuyu na kulipeleka kwa fleshi. Achague linaloendana na mashine, ya biti 32 au 64, alibofye mara mbili tu.

Anayetaka antivairasi nyingine badala ya Defender sina ugomvi naye, mradi aweke moja, ailipie kama ni ya kulipia, na kama ni ya bure ajiulize kampuni inakula nini. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana Avast ilipe dola milioni 16.5 baada ya kudai kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikiuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake wanazitembelea.

Limebaki onyo moja ambalo hakuna antivairasi itakayolinyamazisha kwa haki, lile linalosema Windows 10 imefikia mwisho. Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo wanaojibu kwamba wana antivairasi nzuri, hivyo hawana shida. Wakumbuke kirusi cha WannaCry cha Mei 2017. Kiliingia kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba kwa sasisho la Machi mwaka huo huo, na waliosasisha mapema tundu lao lilikuwa limeshazibwa. Antivairasi inakamata kinachojulikana, lakini haizibi tundu la mfumo. Kama laptopu yako inakubali Windows 11, panda. Kama haikubali, tazama kwenye mipangilio ya masasisho kama umepewa nafasi ya kujiandikisha kwa masasisho ya usalama ya ziada, yanayofika hadi Oktoba 2026. Na kama mashine ni ya zamani sana lakini bado inawaka vizuri, kwa kazi za kuandika na intaneti mwombe fundi akuwekee Linux Mint. Ni ya bure, ina nafuu kwa mashine ya zamani, na haihitaji kraki ya aina yoyote. Kabla hajaanza, hamishia faili zako zote kwenye diski ya nje, na uzifungue mbili tatu kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zimehama kweli.